Mabenchi ya Usambara Yaanze na Mwenye Mzigo

Kutoka mjini Lushoto hadi mwamba wa Irente ni mwendo wa kilomita tano hivi. Mgeni huufuata akiwa na chupa ya maji mkononi, akifika ukingoni anaitazama nyika ya Mombo na Mazinde huko chini, kisha anatafuta pa kukaa. Njiani amepishana na kina mama wenye matenga ya mboga na mafungu ya kuni kichwani. Kuna wazo la kuweka mabenchi ya mawe na mbao za hapa hapa kwenye njia za milima ya Usambara, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila yakichorwa kwa ajili ya mandhari peke yake, yatamkosa anayezihitaji njia hizo kila siku.

Anayebeba kichwani hatoshwi na kiti cha kawaida. Ili akae, lazima autue mzigo chini; akitaka kuondoka, lazima ampate mtu wa kumtwisha. Njia ikiwa tupu, hatui. Anaendelea kupanda, shingo imekakamaa, ngata imelowa jasho. Benchi linalomfaa lina jiwe au gogo la pili kwa nyuma, kimo cha bega, ausogeze mzigo pale akiwa amesimama na baadaye ajitwishe mwenyewe.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1811, huko Alsace nchini Ufaransa, mkuu wa mkoa Lezay-Marnésia alihimiza vijiji vijenge mabenchi ya mawe barabarani, yenye nguzo na jiwe la kulala juu yake, kwa ajili ya wanawake waliokwenda sokoni na vikapu kichwani. Mengine yaliongezwa mwaka 1854, na baadhi yapo hadi leo. Nepal nako wapagazi wana majukwaa ya mawe chini ya miti ya kivuli, yenye ngazi ya kuegemeza mzigo.

Wapo watakaouliza: zahanati zina upungufu, mnajenga mabenchi? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba fedha ya zahanati isiguswe. Mawe yapo mashambani, mafundi wa kujenga kuta za mawe wapo, na kinachohitaji fedha taslimu ni saruji kidogo na posho ya fundi. Wengine watasema bodaboda zimemaliza habari ya kutembea. Hazijaimaliza. Nauli hula faida ya tenga moja la nyanya, na masika yakikolea kuna vichochoro vya mteremko ambavyo hakuna pikipiki inayovipita.

Kwenye mbao ndiko kwenye hatari zaidi. Tukisema "mbao za asili", kuna atakayeusogelea mti wa mkulo ndani ya msitu wa Magamba, na hilo lisiruhusiwe hata kwa benchi moja. Tutumie saipresi na mkaratusi, ambayo hupandwa na huvunwa kwa utaratibu. Mbao za miti hiyo zikigusa udongo mbichi, mchwa na uozo huzimaliza mapema. Kwa hiyo miguu iwe ya mawe, ubao ukae juu, uwe na mwinamo kidogo maji yasituame. Na mafundi wetu waliozoea kupaka oili chafu kuzuia mchwa waiache hapa: nani atakalia ubao wa kumchafulia kanga?

Kuna tatizo gumu zaidi, la utunzaji. Baraza za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimedumu kwa sababu kila moja imeshikamana na nyumba ya mtu, naye huifagia na kuikarabati. Benchi la njiani halina mwenye nyumba. Usambara inajua mradi ulioletwa bila ridhaa unavyoishia: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa la kueleweka, lakini kazi iliwaelemea, hasa wanawake, na watu waliukataa hadi ukaachwa.

Kwa hiyo mahali pa benchi pachaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji, kina mama wa gulio wakisikilizwa kwanza. Wao wanajua kilima kinapokata pumzi. Pakiwa ndani ya hifadhi ya barabara, kibali cha wakala wa barabara husika, TARURA au TANROADS, kitafutwe kabla jiwe halijawekwa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nisingependa itumike: ile lazima irejeshwe, na benchi haliuzi kitu. Afadhali sehemu ya ada wanazolipa watalii wanaotembezwa kati ya Lushoto na Mtae itengwe kwa ukarabati, kila kitongoji kikiwa na fundi wake anayejulikana. Mgeni atakaa pia, na atakuwa amechangia. Benchi la Irente lijengwe baada ya yale ya njia za gulio.