Gari Letu ni la Nchi Gani?

Juzi alinijia mke wa rafiki yangu, uso umemsawijika. Mumewe ni fundi wa umeme. Kwa mwaka hukaa Nairobi miezi saba akifanya kazi za mkataba, na miezi mitano iliyobaki huwa nyumbani Arusha pamoja na mkewe na watoto. Gari lao lina namba za Tanzania. Safari hii aliitwa msibani kwa haraka, akapanda basi na gari akaliacha Nairobi. Kibali chake kikaisha naye angali matangani. Sasa gari limezuiwa na anadaiwa ushuru.

"Shemeji," akaniuliza, "si tuliambiwa kwamba Afrika Mashariki ni soko moja? Gari letu basi ni la nchi gani?"

Wengi hudhani hivyo. Ni kweli kwamba Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Lakini gari lililotoka Japan na kulipiwa ushuru Dar es Salaam limeichangia hazina ya Tanzania, si ya Kenya. Kwa hiyo likivuka Namanga huingia kwa kibali cha muda, kama mgeni. Likitaka kuwa mwenyeji, sharti lilipiwe kodi za huko na kusajiliwa upya. Hata hivyo si kila gari hukubaliwa: kwa kawaida Kenya haipokei gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya, ambako maelfu hufanya kazi nchi moja na kulala nyingine, Jumuiya yao ilitoa agizo mwaka 1983. Gari la mgeni liliruhusiwa miezi 6 katika kila miezi 12 bila kodi. Makazi ya mtu yalihesabiwa kuwa pale anapoishi siku zisizopungua 185 kwa mwaka. Na kama kazi iko huku na jamaa zake wako kule, makazi yake ni kwa jamaa zake, mradi awe anarudi kwao mara kwa mara.

Kwetu fundi huyu asitegemee hesabu hiyo. Kitu cha kwanza cha kutazama ni tarehe iliyoandikwa katika kibali. Kabla haijafika, aombe kuongezewa muda au alirudishe gari. Kurudi mwenyewe kwa basi hakuhesabiwi kuwa gari limerudi. Akiwa na mkataba mrefu, aulize forodha mapema, na jibu alipate kwa maandishi. Bima nayo asiisahau: Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania na Kenya zote huitambua, humlinda anapomdhuru mtu mwingine barabarani ng'ambo ya mpaka.

Nawe mama uliyebaki nyumbani, usidhani mambo haya ni ya baba peke yake. Weka nakala ya kibali kabatini, na tarehe yake uiandike kwenye kalenda ukutani, kando ya tarehe ya karo. Shemeji yangu hakuwahi kukiona kibali kile. Angalikiona, angalimkumbusha mumewe hata katikati ya msiba, na leo fedha ya karo isingekuwa inatafutwa kulikomboa gari.

Tukutane Jumapili ijayo.