Njaa ya mchana haijengi mchezaji wa jioni

Ikifika saa 11 jioni viwanja vya mtaani vinajaa. Wapo vijana wanaojiandaa na ndondo, wapo maveterani wa bonanza la Jumapili, na wapo wale wa jogingi wanaopita barabarani kwa makundi na jezi za Simba, Yanga na Arsenal. Ni picha nzuri. Mashabiki waliozoea kuucheza mpira kwa mdomo sasa wanaucheza kwa miguu.

Shida iko tumboni. Katika kila kundi la namna hiyo hawakosekani wawili watatu ambao tangu chai ya asubuhi hawajatia kitu mdomoni. Ukiwauliza watakujibu kwa kujiamini kabisa kwamba wako kwenye dayati. Wanataka kitambi kiondoke kabla ya bonanza, au kocha aache kuwaita 'bonge' mbele ya wenzao. Hesabu yao ni nyepesi: usile mchana, jioni piga tizi la nguvu, mwili utapungua wenyewe.

Hesabu hiyo ina kasoro, na inawagharimu watu wengi kuliko wanavyodhani.

Mwili wa mchezaji hautembei kwa hamu ya kupungua. Unatembea kwa sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini, ile ambayo wataalamu wanaiita glaikojeni. Hiyo ndiyo inayotumika zaidi mtu anapokimbia kasi, anaporuka juu kupiga kichwa au anapogeuka ghafla kumfuata winga. Akiba hiyo inajazwa na wanga: ugali, wali, viazi, ndizi, mihogo, mkate. Mtu akiingia uwanjani akiba ikiwa chini, dakika 20 za kwanza atajikongoja, halafu miguu inakuwa mizito. Kichwa nacho kinachoka. Pasi inachelewa, krosi inakwenda nje, na rafu ya kijinga inatokea kwa sababu mguu umefika baada ya mpira kuondoka.

Wenzake watasema hana pumzi. Kumbe pumzi anayo, mafuta ndiyo yameisha kwenye tangi.

Linalofuata ni baya zaidi kwa mtu mwenye nia ya kupungua. Saa 3 usiku anarudi nyumbani na njaa ya siku nzima pamoja na njaa ya mazoezi. Hapo dayati inakufa. Anapita kwa muuza chipsi, anaagiza chipsi yai na mishikaki miwili, anashushia soda baridi, akijipa moyo kwamba leo amekimbia sana. Kama kuna mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ambayo huku kwetu huanza saa 4 au saa 5 usiku kutegemea majira ya kule, basi na kipindi cha pili nacho kitakuwa na cha kutafuna.

Ukipiga hesabu kwa namba ndipo utaona jamaa anavyojidanganya. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, mtu anayekimbia anachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 amechoma kama kalori 350. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Vijiko vitatu tu vinarudisha kilomita zote tano, na hapo viazi vyenyewe havijahesabiwa. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ambazo ni karibu kalori 150. Chupa hiyo inafuta zaidi ya kilomita mbili alizokimbia huku anahema.

Ndiyo maana wapo wanaofanya mazoezi miezi mitatu mfululizo na mkanda wa suruali uko kwenye tundu lile lile. Wanaukosea mwili mara mbili: mchana wanaunyima, usiku wanaushindilia.

Wapo pia wanaotoka jasho ndani ya majaketi mazito au mifuko ya nailoni, kisha wanakimbilia mzani na kushangilia kilo moja iliyoondoka. Hayo ni maji. Wakinywa lita moja kilo yao inarudi. Mafuta ya mwili hayatoki kwa jioni moja. Kilo moja ya mafuta inakadiriwa kubeba kalori kama 7,700, kwa hiyo mtu anayepunguza kalori 500 kwa siku anahitaji kama wiki mbili kuiondoa. Ni safari ya polepole, lakini ndiyo safari yenyewe.

Hizo kalori 500 zitoke wapi? Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo. Anayeshinda njaa anazitoa kwenye chakula cha mchana, yaani kile kile ambacho kingembeba jioni. Angezitoa kwenye soda mbili za siku na vijiko viwili vya mafuta kwenye mboga, angekuwa amefikisha zaidi ya 500 bila kugusa tonge hata moja la ugali. Bia za baada ya bonanza nazo zinahesabika, ingawa maveterani wengi hawapendi kusikia sentensi hii.

Wakubwa wa soka walishalijua hili muda mrefu. Arsène Wenger alipotua Arsenal mwaka 1996 alikuta wachezaji wanaokula chokoleti na vyakula vya mafuta mengi. Hakuwaambia wasile. Alibadilisha kilichokuwa kwenye sahani: kuku wa kuchemsha, samaki, mboga, na maji kwa wingi. Msimu wa 1997/98 Arsenal ilibeba Ligi Kuu ya Uingereza na Kombe la FA. Chakula peke yake hakileti makombe, Bergkamp na Vieira walikuwapo, lakini hakuna aliyekuwapo wakati ule anayekibeza.

Pep Guardiola naye alipoanza kazi Manchester City mwaka 2016, beki Gaël Clichy alieleza kwamba mchezaji aliyezidi uzito hakuruhusiwa kufanya mazoezi na kikosi, na vyakula kama piza vikaondolewa. Mashabiki wengi walikariri upande wa ukali. Upande wa pili wanausahau: klabu kubwa inayomtaka mchezaji apungue ina mpishi, ina mtaalamu wa lishe na ina mtu wa kumpangia nini ale na saa ngapi. Romelu Lukaku alipokwenda Inter Milan mwaka 2019 alibadilishiwa ulaji, akapungua, na msimu wa 2020/21 akafunga mabao 24 ya Serie A, Inter ikitwaa ubingwa. Hayo hayakutokana na kushindia maji.

Sasa mtu atauliza: mbona Waislamu wanafunga mwezi mzima wa Ramadhani na mpira wanacheza? Swali ni zuri, na jibu lake linazidi kuonyesha umuhimu wa mpangilio. Anayefunga anakula daku na anafuturu. Chakula hakikufutwa, kimehamishwa saa. Timu nyingi zenye wachezaji wanaofunga husogeza ratiba ya mazoezi ili mzigo mzito uwe karibu na futari au baada yake. Aprili 2021, katika mechi ya Leicester City na Crystal Palace, mchezo ulisimama kidogo kwenye mpira wa goli ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Hata kwenye ligi yenye presha kama ile, watu walikubali kwamba mchezaji anahitaji kitu tumboni. Na funga ni ibada yenye nia yake na taratibu zake. Kushinda njaa kwa sababu ya kuogopa kitambi ni jambo jingine kabisa.

Basi afanyeje mtu wa kawaida, anayetoka kazini saa 10 na kuingia uwanjani saa 11?

Jopo la wataalamu wa lishe wa UEFA, katika mwongozo uliochapishwa mwaka 2021, linashauri mchezaji ale wanga wa gramu 1 hadi 3 kwa kila kilo ya mwili wake, saa tatu hadi nne kabla ya mechi. Huo ni ushauri wa wachezaji wa daraja la juu, kwa hiyo anayetaka kupungua achukue ule upande wa chini. Kwa mwenye kilo 70, gramu 70 za wanga zinapatikana kwenye ugali uliosongwa kwa unga wa chini kidogo ya gramu 100. Ni ugali wa wastani tu, sio mlima. Ukirudi nyuma saa tatu au nne kutoka saa 11 jioni unaangukia saa 7 au saa 8 mchana. Kwa maneno mengine, chakula cha mchana kile kile anachokikimbia ndicho chakula chake cha mechi.

Pale kwa mama lishe hakuna kinachoshindikana. Ugali wa wastani au wali nusu sahani, maharage au samaki, mchicha kwa wingi, na ombi la heshima kwamba mafuta ya juu yasiongezwe. Ikifika saa 10 na njaa inauma, ndizi mbivu moja au kipande cha kiazi kitamu kinatosha. Maji yanywewe tangu mchana, sio kusubiri koo likauke uwanjani. Baada ya mazoezi asilale njaa vilevile, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi inahitaji protini ili isipotee pamoja na mafuta. Mayai mawili ya kuchemsha, dagaa, maharage au glasi ya maziwa, pamoja na mboga na wanga kidogo, vinamaliza kazi. Hapo chipsi hazina tena nguvu ya kumwita, maana hakurudi nyumbani akiwa amezidiwa na njaa.

Na wenye kisukari wanaotumia dawa, au wenye presha, wasijaribu kuchanganya njaa na mazoezi kwa ushauri wa wachezaji wenzao. Sukari inaweza kushuka mtu akaanguka uwanjani. Daktari kwanza, jezi baadaye.

Ila wenye hatari kubwa zaidi sio maveterani. Hao wakichoka wanatoka nje, wanapiga stori. Hatari iko kwa kijana wa miaka 17 au 18 anayekwenda kwenye majaribio, ambaye kocha amemwambia neno moja tu: punguza. Hakuambiwa apunguze nini wala kwa muda gani. Basi anapunguza kila kitu. Anafika kwenye siku iliyobeba ndoto yake akiwa mwepesi kwenye mzani na mzito kwenye mbio, anachezeshwa dakika 30, anaambiwa asante, rudi mwakani.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu mwaka 2014 inalizungumzia tatizo la mwanamichezo anayekula pungufu ya kazi anayoifanya. Madhara yake hayaishii kwenye uchovu. Mifupa inadhoofika na kuvunjika kirahisi, homoni zinavurugika, magonjwa madogo madogo hayakauki. Kwa wachezaji wa kike dalili mojawapo ni kukosa hedhi. Binti anayeona miezi inapita bila siku zake akaambiwa hiyo ndiyo kuwa fiti, amedanganywa. Anatakiwa apelekwe kwa daktari, na aongezewe chakula badala ya mizunguko ya uwanja.

Makocha wa mtaani na wa madaraja ya chini wanafanya kazi ngumu, wengi bila mshahara wa maana. Hakuna anayewadai wapishi wa Manchester City. Lakini kumuuliza mchezaji amekula nini leo hakuhitaji bajeti. Kocha anayemwona kijana anapepesuka kwenye mazoezi ya jioni akamwongezea mizunguko kumi kama adhabu ya uvivu, huenda anaadhibu njaa. Na viongozi wanaochangisha fedha za jezi mpya na za kumleta mamluki kwa mechi moja ya fainali, wangeweza kutenga sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya sufuria la maharage na mkungu wa ndizi siku za mazoezi. Timu ingeona faida yake dakika ya 75, pale wapinzani wanapoanza kushika viuno.

Kupungua mwili ni jambo jema kwa anayelihitaji, na mazoezi ya jioni yanasaidia. Anayetaka vyote viwili akae chini apange sahani yake ya mchana kama kocha anavyopanga kikosi, soda na mafuta vianzie benchi, ugali na maharage viwe kumi na moja wa kwanza. Na kocha mwenye tabia ya kumwambia mchezaji 'punguza', kuanzia kesho jioni aongeze maneno mengine mawili: nini, na saa ngapi.