Jezi bila picha ni mtumba tu

Kijana mmoja mwenye meza ya mitumba hapa Lushoto alinifuata akiwa na furaha kubwa. Alikuwa ameletewa jezi ya Aston Villa, namba 20, yenye jina la Samatta mgongoni. Mwenye nayo alidai ndiyo aliyoivaa Mbwana Samatta pale Wembley, Machi 1, 2020, alipofunga bao dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Bei, sh. 400,000. "Mzee, nichukue?" aliniuliza. Fedha hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote.

Nilimwambia asitoe hata senti kabla ya kuona picha.

Ndugu msomaji, thamani ya jezi iliyochezewa haiko kwenye kitambaa wala kwenye hadithi ya muuzaji. Iko kwenye ushahidi. Kubandika jina na namba ni kazi ya dakika chache, na mafundi wake wamejaa Kariakoo.

Tujifunze kwa waliolipana fedha nyingi. Mei 2022, mnada wa Sotheby's wa London uliuza jezi ya Diego Maradona ya mechi ya Argentina na Uingereza, Kombe la Dunia, Juni 22, 1986, kwa paundi milioni 7.1. Muuzaji alikuwa Steve Hodge, kiungo wa Uingereza aliyebadilishana jezi na Maradona siku ileile. Pamoja na hayo, binti wa Maradona alipinga, akisema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, wakati mabao yote mawili ya baba yake yalifungwa kipindi cha pili.

Wenye mnada hawakutegemea maneno ya Hodge peke yake. Walieleza kuwa nembo, mistari na namba za jezi hiyo zimelinganishwa na picha za mabao yale, zikaoana. Iliwezekana kwa sababu Argentina walinunua jezi zile Mexico City siku chache kabla ya mechi, nembo na namba zikawekwa harakaharaka. Kazi ya haraka haitoi vitu viwili vinavyofanana kabisa.

Hata sisi tunaweza kuanza ukaguzi huo. Tafuta picha kali za mechi inayotajwa, za mbele na za nyuma, si za mechi nyingine. Angalia namba imekaa umbali gani kutoka kwenye mshono, na kama imepinda. Kama jezi ina mistari, tazama mstari unakatika wapi unapofika kwenye mshono au chini ya namba. Tafuta uzi uliochomoka au sehemu iliyochanika. Nembo ya mkononi nayo iwe ileile ya kwenye picha. Doa la tope lisikudanganye, kwani tope hupakwa na pia hufuliwa.

Tukiri pia kwamba jezi ya rangi moja iliyotoka kiwandani mara nyingi haina alama ya kuitofautisha na nyingine. Alama isipoonekana, jibu ni "haijathibitishwa", na bei ifuate jibu hilo.

Wengine watasema huu ni usumbufu. Lakini mnunuzi gani wa viazi anayelipia gunia kwa kutazama mdomoni tu? Humwaga, akaona vilivyofichwa chini. Basi na jezi imwagwe namna hiyo.

Kwa upande wa pili, wapo wazee mkoani Tanga wenye jezi za kweli, pengine za Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988. Msizigeuze matambara. Zihifadhini pamoja na picha za wakati huo, na muandike nyuma ya picha tarehe na jina la mechi. Jezi na picha vikitengana, hata mkweli ataonekana tapeli.

Yule kijana alirudi kwa muuzaji kuomba picha. Akajibiwa kuwa kuna mteja mwingine anasubiri, aamue leo. Aliiacha. Mtaji wake aliuingiza kwenye masweta, na baridi ya Juni na Julai hapa Lushoto haihitaji picha kuithibitisha.