Mafundi saa wasiachwe wapotee Shinyanga na Geita

Kijisanduku cha kioo cha fundi saa bado kinaonekana kwenye baraza za maduka mjini Shinyanga, Kahama na Geita, lakini kilichomo ndani kimebadilika. Zamani kilijaa saa za kutia ufunguo zikisubiri zamu yake. Siku hizi kimejaa betri, mikanda ya plastiki, rimoti na chaja za simu. Saa yenyewe, ile ya gia na springi, fundi huifungua jioni wateja wakishaondoka, na mara nyingi malipo yake ni kuisikia tu ikilia tena.

Kazi iliyokuwa ikilisha familia imegeuka hobi. Ni hobi ya fundi mwenyewe, na pia ya mtu mwenye ajira nyingine, mwalimu au karani wa chama cha ushirika, aliyerithi saa ya baba yake na kuamua kununua kibano na bisibisi ndogo ili aone kilichomo. Kwa kawaida halmashauri haina sababu ya kuingilia namna mtu anavyotumia Jumapili yake. Lakini kanda hii inaishi kwa kupima, iwe ni gramu za dhahabu, karati za almasi za Mwadui au kilo za pamba. Kuacha ujuzi wa kupima kwa umakini wa namna hii ufe na wazee ni hasara, ingawa haiandikwi kwenye vitabu vya mtu yeyote.

Chanzo cha mabadiliko hakikuwa uvivu wa mafundi. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi inayoongozwa na kipande cha jiwe la kwatsi na kuendeshwa na betri. Wakati huo bei yake ilikaribia ya gari dogo. Baada ya miaka 15 saa za aina hiyo zilikuwa za bei poa duniani kote, na nchini Uswisi zaidi ya nusu ya ajira za viwanda vya saa zilikuwa zimepotea. Kisha ikaja simu ya mkononi, ambayo tangu miaka ya 2000 imemwondolea mtu wa kawaida sababu ya kuvaa saa kabisa. Waswisi walijiokoa kwa kuirudia saa ya gia na kuifanya bidhaa ya thamani. Leo sehemu kubwa ya fedha wanazopata kwa kuuza saa nje inatokana na saa zisizo na betri. Fundi wa barazani Kahama hakupata nafasi hiyo. Yeye alibaki na betri.

Ni ujuzi gani hasa unaopotea? Ndani ya saa ya mkononi ya zamani kuna gurudumu dogo, balansi, linalocheza kwenda na kurudi likivutwa na springi nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku, na zaidi ya mara milioni 157 kwa mwaka. Ncha za ekseli yake hukaa ndani ya vito vya rubi vilivyotobolewa, na kila kito huhitaji tone la oili ambalo jicho halilioni vizuri bila lenzi. Hakuna mwenye mashine ya kukoboa anayethubutu kuiendesha miaka 10 bila kubadili oili. Saa nyingi zilizomo kwenye makabati ya familia zilitendewa hivyo hivyo kwa miaka 20 au 30, na bado zinaweza kufufuka zikifunguliwa, zikasafishwa na kupakwa oili upya.

Kazi haiishii kwenye kusafisha. Baada ya kuifunga, fundi huiweka saa kifudifudi siku moja na kuisimamisha siku nyingine, akiandika imewahi au imechelewa kiasi gani. Siku ina sekunde 86,400. Saa kuukuu inayochelewa dakika moja kwa siku imekosea kwa asilimia 0.07 tu, na mwenye nayo huirudisha akinung'unika. Kosa kama hilo kwenye mizani ya pamba ni takriban gramu 70 katika kilo 100.

Mkulima wa Kishapu anayelalamikia mizani halalamikii gramu, analalamikia kilo. Mizani inayomla kilo 2 katika kila 100 ni sawa na saa inayochelewa karibu dakika 29 kila siku. Hakuna anayeweza kuvaa saa ya namna hiyo wiki nzima bila kugundua. Mizani ya namna hiyo inaweza kumaliza msimu.

Hapa ndipo hobi ya mtu inapogusa mfuko wa mkulima. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mtengeneza mizani awe na leseni kutoka Wakala wa Vipimo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002. Leseni hiyo ina sababu, maana anayejua kurekebisha mizani anajua pia kuiharibu. Lakini mtu aliyezoea kurudisha sekunde kwenye saa hahitaji kufundishwa subira, usafi wala kuandika kumbukumbu. Anahitaji kufundishwa mizani.

Ni kweli kwamba mizani ya kidijitali imeenea, na ndani yake hakuna springi wala gia za kuchezea. Anayedhani fundi saa ataifungua kesho na kuitengeneza anajidanganya. Hata hivyo kuisawazisha ardhini, kuijaribu kwa mawe ya uzito yanayojulikana, kurudia jaribio na kuandika tofauti ni tabia ile ile ya fundi saa. Na mizani ya springi haijatoweka. Nenda sokoni siku ya gulio uitazame inavyoning'inia.

Kanda hii pia ina maradhi yake ya saa. Vumbi linaloruka kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo limejaa kwatsi, jiwe lile lile lililoiua biashara ya fundi saa kwa namna nyingine. Kwatsi ni gumu kuliko chuma cha ekseli, hivyo likiingia kupitia kwenye ufunguo hugeuka msasa. Zebaki nayo hushika dhahabu, ndiyo maana wachimbaji huitumia. Saa iliyopakwa dhahabu ikiguswa na zebaki hugeuka nyeupe, na anayeichoma ili irudishe rangi hujivutisha sumu. Sumaku ya spika hufanya springi nyembamba igandane, na saa iliyokuwa sahihi ikaanza kukimbia. Tatizo hilo hutibika kwa dakika chache kwa anayelijua, lakini asiyelijua huishia kuvunja springi. Wenye hobi wakumbuke jambo jingine: rangi inayong'aa gizani kwenye saa za kabla ya miaka ya 1970 inaweza kuwa na radi, madini yenye mionzi. Haikwanguliwi, na vumbi lake halipulizwi kwa mdomo.

Vipuri ndivyo vinavyokwamisha. Kampuni ya saa ya HMT ya India, iliyoanza mwaka 1961 kwa kushirikiana na Citizen ya Japani, serikali ya nchi hiyo iliamua kuifunga mwaka 2016, na haiko peke yake. Kwa hiyo ghala la vipuri ni saa zilizokufa. Mwenye hobi hununua mbovu tatu za aina moja apate moja nzima. Kwa Seiko kazi hiyo ni rahisi, maana alama nne za mwanzo nyuma ya kasha, kama 7009 au 7S26, hutaja aina ya mashine iliyomo, na mtu anaweza kujua kabla ya kununua kama saa mbili zitapeana vipuri.

Kwenye machimbo kuna kishawishi cha kuipima saa yoyote ya njano kama dhahabu. Kasha lenye alama ya 750 au 18K ni dhahabu kwa sehemu 750 katika 1,000. Lakini lenye maandishi ya mikroni 10 au 20 limepakwa tu, na dhahabu yote ya kasha la kawaida la namna hiyo haifiki gramu moja. Anayeliyeyusha hupata karibu na bure, na mashine iliyoweza kuponya saa nyingine mbili huenda na takataka. Anayeuza saa bila kujua kilichomo yuko sawa na anayeuza pamba bila kuuona uso wa mizani.

Njia za kuunusuru ujuzi huu zipo, wala si za gharama kubwa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Mafundi saa wazee wangestahili kupimwa kwa utaratibu huo, kisha watumike kufundisha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hivyo mzee wa miaka 60 barazani haimhusu. Kikundi cha vijana wanaojifunza kwake kinaihusu, na lenzi, vibano na bisibisi za watu watano ni gharama ndogo kuliko pikipiki moja ya bodaboda. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingeweza kutoa chumba kisicho na vumbi, kitu ambacho baraza haiwezi kutoa.

Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na ukaguzi wa mizani hufanyika kabla yake. Ofisi za Wakala wa Vipimo za Shinyanga na Geita zingeweza kuanza hapo, kwa kuwaalika mafundi saa wachache wakae pembeni siku moja waone mizani inavyojaribiwa, kabla mtu yeyote hajaandika mradi wala kuomba fedha.