MATUSI KAZINI: NANI APIME UZITO WA NENO?

Wafanyakazi wenzangu,

Si siku nyingi zilizopita, katika kiwanda kimoja upande wetu huu wa Mbarara, kijana mmoja alifukuzwa kazi kwa neno moja. Nilikuwapo. Naandika haya kwa sababu naamini hakutendewa haki, na kwa sababu lililompata yeye laweza kumpata yeyote kati yetu kesho asubuhi kabla ya chai.

Kijana huyo ni Msomali, mkimbizi wa Nakivale, lakini alilelewa Mombasa, na Kiswahili chake ni cha pwani. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo. Katika zamu yetu yumo mama mmoja wa Kashari, mtu mzima na mpole, ambaye sote twamheshimu. Mama huyu alikuwa amesikia kwamba mzazi wa yule kijana ni mgonjwa kule Nakivale. Basi asubuhi, tukiwa tumepanga foleni mbele ya karani, akamgeukia akamwuliza kwa Kinyankore habari za "nyoko".

Sisi tunaokaa Bwizibwera twajua maana yake. Kwa Kinyankore "nyoko" ni mama yako, na hakuna zaidi. Lakini mtu wa Mombasa akisikia neno hilo halisikii hivyo. Kwake ni tusi la kumvunjia mzazi wake heshima, na vijana wa huko hulipigania ngumi. Kijana akawaka. Akamjibu yule mama kwa Kiingereza: "Stupid!"

Neno hilo yeye alilizoea katika filamu za Marekani, ambamo watu huambiana hivyo mchana kutwa na jioni wakala meza moja. Hapa Uganda si mchezo. Kumwambia mtu mzima hivyo mbele ya watu, tena mama, ni sawa na kumpiga kofi. Mama akalia. Mnyapara akaandika jina la kijana, na kabla ya saa nne kijana alikuwa nje ya geti. Hakuna aliyemwuliza amesikia nini. Hakuna aliyemwuliza mama amesema nini. Na mnyapara, huku akimwonyesha njia, alimwita "bladifuli". Neno hilo halikuandikwa katika daftari lolote.

Yafaa tujiulize: katika maneno yale matatu, tusi lilikuwa lipi? Na nani alikuwa na haki ya kuamua?

Tuanze na hilo la mnyapara, maana limesafiri mbali. "Bladifuli" ni maneno mawili ya Kiingereza, "bloody fool", yaliyofika kwetu midomoni mwa wasimamizi wa kizungu wa mashamba na maofisa wa jeshi la King's African Rifles. Wazee wetu waliyasikia pamoja na kiboko, ndiyo maana yanauma hata leo. Lakini Waingereza wenyewe hawakubaliani juu ya uzito wake. Mwaka 1914, mjini London, mchezo wa kuigiza wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion ulizua zogo kubwa magazetini kwa sababu mwigizaji mwanamke alilitamka neno "bloody" jukwaani. Kwa watu wa Australia neno hilohilo ni kama chumvi ya mazungumzo. Mwaka 2006 serikali yao ilitoa tangazo la kuwaita watalii, na neno hilo likiwa ndani yake. Wakaguzi wa matangazo ya televisheni huko Uingereza wakalizuia kwanza, na baada ya mabishano wakaliruhusu. Na Mmarekani akilisikia, hucheka tu. Kwake ni Kiingereza cha Waingereza.

Au chukueni neno "bastard". Mwanamume wa Australia aweza kumwita rafiki yake wa kufa na kuzikana kwa neno hilo huku akimpiga bega kwa furaha. Jaribu kumwita mtu hivyo Mbarara au Kampala. Atalisikia kuwa "mwanaharamu", na hapo hukumtukana yeye peke yake. Umemtukana mama yake, umemnyang'anya baba na ukoo. Neno moja, herufi zilezile, lakini mmoja atakununulia bia na mwingine atakupeleka kwa wazee wa kijiji.

Sasa tusiwacheke Waingereza, maana Kiswahili chetu nacho ni hivyohivyo. Katika kituo cha malori Mbarara, sokoni Bwizibwera na katika vijiji vya Nakivale, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Tangu Wanyarwanda wa kwanza walipoletwa Nakivale mwishoni mwa miaka ya 1950, wamefuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Kila mmoja amekuja na Kiswahili chake, au amejifunza kwa jirani, na kila mmoja ana mzani wake wa maneno.

Neno "mjinga" ni mfano mzuri. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ujinga ulitajwa pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui watatu wa taifa. Watu wazima waliingia madarasani kuufuta ujinga, na hakuna aliyeona haya. Mtanzania aweza kusema, "Katika jambo hili mimi ni mjinga, nifundishe," na maana yake ni kwamba hajui. Mwite Mkenya au Mganda mjinga uone. Kwake umesema hana akili, na shule haitamsaidia.

Neno "mshenzi" lina historia mbaya zaidi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, yaani wasiostaarabika. Wazungu wakalichukua, wakawapigia kelele wapagazi na vibarua wao. Likavuka ziwa hadi Kongo, likawa "basenji", na hata aina moja ya mbwa wa huko yajulikana duniani kwa jina hilo. Katika Kinyarwanda ni tusi zito. Lakini vijana wa Dar es Salaam husikika wakiambiana "mshenzi wewe!" huku wakicheka kwa goli zuri la mpira.

Yapo pia maneno ambayo si matusi hata kidogo, lakini mahali pengine yamebeba mzigo wa damu. "Panda gari" ni maneno mema. Konda wa Tanzania huyasema kila siku kwa abiria wake. Lakini mzee wa Kampala aliyeishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiyasikia, mwili humsisimka, maana ndivyo askari walivyowaambia raia waliokuwa wakizolewa barabarani na kutupwa ndani ya malori, na wengine hawakurudi. Kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na kizuizi cha barabarani. Ndiyo sababu mwenzetu wa kutoka nje akimwambia mzee "lete hapa" kwa sauti ya juu, mzee hasikii ombi. Anasikia bunduki.

Na kuna neno moja ambalo halimo katika orodha yoyote ya matusi: "mkimbizi". Ni neno la sheria. Limeandikwa katika vitambulisho. Lakini nimelisikia likitumika kazini kumnyamazisha mtu: "Kaa kimya wewe mkimbizi." Aliyesema hivyo hakutumia neno chafu, na hakuna karani atakayeandika jina lake. Vilevile mwanamume wa miaka 60 mwenye wajukuu huitwa "shamba boi", na anayemwita hivyo hadhani kwamba amemkosea.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, ndugu zangu. Neno halina uzito wake lenyewe kama jiwe. Uzito wake hutegemea limesemwa wapi, na nani, kumwambia nani, na kwa nia gani. Katika viwanda na mashamba yetu, mzani wa maneno umeshikwa na mtu mmoja tu, naye ni mwenye daftari. Neno la kibarua kwa mwenzake hupimwa kwa mzani wa mnyapara. Neno la mnyapara kwa kibarua halipimwi kabisa. Yeye akiulizwa husema, "Ah, huo ni mzaha, ni Kiingereza tu cha kazini." Kama Kiingereza ni mzaha kikitoka juu kwenda chini, mbona kilikuwa kosa la kufukuzwa kilipotoka kwa kijana wa Nakivale?

Najua wengine watanipinga. Watasema: tukifuata maneno yako, kila mtovu wa adabu atatukana apendavyo, kisha adai kwamba kwao ndivyo wanavyosalimiana. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mimi sisemi matusi yaruhusiwe. Yule kijana alikosa kumjibu mama mtu mzima kwa ukali, hata kama alidhani ametukanwa, na alistahili kuonywa na kuomba radhi. Lakini mjanja hujulikana upesi. Mwulizeni kwanza alikusudia nini. Mwelezeni neno hilo lina maana gani hapa. Mtu mwema akielezwa huomba radhi na haludii tena. Aliyekwisha kuelezwa akarudia, huyo hana pa kujificha, awe kibarua au meneja.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatazamiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Kisha asikilizwe. Wakisema kibarua hana barua ya kazi, wajibuni kwamba sheria hiyo inautambua mkataba wa mdomo pia. Wakisema yeye ni mgeni, wajibuni kwamba Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Na kuhusu midomo ya wakubwa, mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, na Uganda iliuridhia mwaka 2023. Unyanyasaji wa maneno ni unyanyasaji.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa matawi yetu.

La kwanza, kila kamati ya tawi iwe na orodha ya wanachama wanaoweza kutafsiri: Kinyankore, Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiswahili cha Kongo na cha pwani. Watu hao tunao. Wako katika foleni ileile ya kila asubuhi.

La pili, mtu akishtakiwa kwa matusi, asiandikwe wala asifukuzwe kabla mkalimani hajakaa na pande zote mbili. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa. Kumfukuza mtu kunamaliza chakula cha nyumba nzima.

La tatu, kanuni ya matusi iwe moja kwa wote. Daftari lililo tayari kuandika "stupid" ya kibarua liandike na "bladifuli" ya mnyapara.

La nne ni letu wenyewe wala halihitaji mwajiri. Mwenzako wa nchi nyingine akitamka neno likakuchoma, mwulize kwanza, "Ndugu yangu, kwenu neno hilo lina maana gani?" Mara nyingi jibu litawachekesha wote wawili. Na wewe uliye mwenyeji, mgeni akifika mfundishe mapema maneno ya kuchunga, kama unavyomfundisha mashine ipi hukata vidole. Tukigombana sisi kwa sisi kwa sababu ya maneno, hakuna atakayekumbuka kuuliza juu ya mshahara, saa za ziada na glavu zilizochanika.

Nimalizie kwa yule mama wa Kashari. Wiki moja baadaye dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi Mombasa alimweleza vile neno lake lilivyosikika kwa kijana. Mama alishika kichwa. "Mimi nilikuwa namwombea mamake," akasema. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mnyapara kumsihi kijana arudishwe. Akaambiwa nafasi imekwisha kujazwa. Tangu hapo, kila akionana na mtu wa Nakivale, humpa salamu za pole amfikishie kijana, na humwuliza kama mama yake amepata nafuu. Sasa huuliza kwa Kiswahili, na husema "mama yako".

Wenzangu, mama huyo amefanya peke yake kazi ambayo chama kilipaswa kufanya asubuhi ile kabla ya saa nne. Kikao kijacho cha tawi tuliweke jambo hili katika ajenda.

Umoja ni nguvu.