Nyumba Zilizofungwa Milimani



Shule zifungapo, wazazi wa mijini huulizana: watoto tuwapeleke wapi wakapumzike? Wenye uwezo huwaza hata ng'ambo. Huko Italia mna vijiji vya milimani ambavyo vijana wake walivihama kufuata kazi, zikabaki kuta tupu. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 katika jimbo la Friuli, likazuka wazo la kuzitengeneza nyumba za namna hiyo ziwe malazi ya wageni. Kijiji cha Santo Stefano di Sessanio, katika milima ya Abruzzo, ni mfano mashuhuri. Watu hutoa fedha nyingi wapate kulala penye ukimya, kati ya kuta za mawe za kale.

Nasi tuitazame Usangi, katika Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Barabara yaliacha joto la tambarare, ikapanda kwa kuzunguka, na hewa ikageuka. Pana migomba, kahawa na misikiti, na juu yake mlima Kindoroko wenye msitu, ambao kilele chake chafika mita 2,113. Mbingu ikiwa safi, aliye juu huuona mlima Kilimanjaro, na ziwa Jipe mpakani mwa Kenya. Tangu miaka ya 1990 wageni wa Ulaya wamefika huko kwa mpango wa utalii wa utamaduni, wakitembezwa na wenyeji.

Ajabu ni kwamba mgeni wa mbali aijua njia, ilhali mjukuu wa mwenye mji haijui. Nyumba nzuri walizojenga wana wa Usangi waishio Dar es Salaam, Tanga na Moshi, nyingi hufungwa takriban mwaka mzima, zikafunguliwa kwa Idi au kwa msiba. Mtoto hukua akiijua njia ya makaburini tu.

Italia yatupa funzo: ukuta uliobomoka hutengenezeka, bali ujirani uliokwisha kuondoka haununuliki. Usangi bado ina watu. Wapo wazee waijuao ndiva, lile bwawa la Wapare ambalo maji yake hukusanywa usiku, na kulipopambazuka hufunguliwa kuingia mashambani kwa zamu. Mtoto akiishuhudia zamu hiyo, ataifahamu haki ya jirani kuliko kwa mawaidha mengi.

Basi yatupasa tuzifungue nyumba hizo kwa majuma mawili ya likizo, wala tusingoje mazishi. Lakini tusimfanye bibi mtumishi wa wajukuu. Dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu, na wahenga wetu walikuwa wakali zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijana na wapalilie migomba, wapigilie bati lililolegea, wajifunze kupika makande na kuamkia kwa Kipare. Jioni wakae miguuni pa wazee wasikilize. Hayo ndiyo mapumziko, na ndiyo kuunga udugu.

Asiye na asili Usangi anacho kijiji chake. Na akiwa hana, na aende kwa wenyeji, alipe kwa haki na kujisitiri kwa heshima.

Mlango na ufunguliwe ilhali mwenyewe angali hai wa kuitikia hodi.