Njia ya Kando ya Maji: Kwa Nini Tumewaachia Wageni?



Sisi tunaoishi Rubavu tumezoea kuwaona wageni wenye mabegi mgongoni na fimbo mkononi, wakianza safari ya miguu kando ya Ziwa Kivu kuelekea kusini. Njia hiyo inaitwa Congo Nile Trail. Inaanzia hapa kwetu, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, inaishia Rusizi, jumla ya kilomita 227. Anayeitembea yote kwa miguu huchukua siku kumi hivi. Watoto wetu wakiwaona huuliza, "Kwani hawa hawana nauli?" Na sisi wazazi tunacheka nao. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tunapokosea.

Tuseme ukweli. Kwetu sisi kutembea kwa miguu ni shida. Wazazi wetu walitembea kwenda shule, kwenda sokoni, kwenda kuteka maji. Siku tulipopata pesa ya kupanda pikipiki tulimshukuru Mungu, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Tulipomwambia bibi yetu kwamba Jumapili tunataka kutembea na watoto mpaka Nyamyumba, alitutazama kwa mshangao. "Nimetembea maisha yangu yote nikiomba nipate gari," alisema, "leo mna nauli mnataka kutembea?" Akasema yeye atatangulia na chakula kwa pikipiki. Lakini asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri, tulimkuta mlangoni amekwisha kuvaa viatu vya raba.

Hatukwenda kilomita 227. Tulichukua kipande kidogo tu cha mwanzo, kutoka mjini mpaka bandari ya Rubona na maji ya moto ya Nyamyumba, ambayo wenyeji huyaita amashyuza. Kijana mwenye miguu mizuri hahitaji hata nusu siku. Sisi, pamoja na bibi na mtoto wa miaka mitano, tulifika karibu na adhuhuri.

Kule ziwani wavuvi walikuwa wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja. Watoto wetu wanaijua sambaza ikiwa kwenye kikaango tu. Hawakujua kwamba samaki huyu hakuwa wa Kivu, bali aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulipopanda kilima tukapumzika, na kijana wetu wa sekondari akatueleza jina la njia lilikotoka. Ule mgongo wa milima ulio mashariki yetu unagawa maji. Mvua ikinyesha upande huu inaingia Kivu, inashuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, kisha mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande wa pili inaingia Nyabarongo, Akagera, Ziwa Viktoria na mto Nili, mpaka Misri. Mdogo wake akauliza kama tone moja linaweza kuchagua. Tulicheka sana.

Tulipofika mahali mto Sebeya unapoingia ziwani, mtoto mwingine akauliza kwa nini mto ni wa rangi ya udongo wakati ziwa ni la buluu. Sisi wazazi tulinyamaza. Aliyejibu ni bibi.

Alisema alipokuwa msichana alipita kule juu Gishwati, na msitu ulikuwa mnene kiasi kwamba mchana ulionekana kama jioni. Msitu ule katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta kama 28,000, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600 tu. Watu walikata miti wapate mashamba na malisho, na wengine walikuwa wakimbizi waliorudi bila pa kukaa. "Miti ilikuwa inashika udongo," alisema bibi. "Sasa udongo unashuka na mto." Watoto wakakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ulipofurika na kuingia majumbani, na watu zaidi ya 130 wakafa katika nchi yetu kwa mafuriko na maporomoko. Wanaikumbuka hofu ya usiku ule. Sababu yake hakuna aliyekuwa amewaambia.

Ndugu wazazi, tunaishi na bibi huyu nyumba moja miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Nyumbani kila mmoja ana simu yake na televisheni inaongea peke yake. Njiani watu wanakwenda bega kwa bega, hakuna haraka, mtoto anaona kitu anauliza, mzee anakumbuka anajibu. Miguu ile tuliyoiona ni ya umaskini ndiyo iliyobeba elimu hii. Wazee wetu wakiondoka bila kuulizwa, wataondoka nayo.

Tunajua wapo watakaosema hawana muda wala pesa. Sisi tulibeba viazi vitamu, karanga, chupa za maji na mikeka miwili ya kuswalia. Adhuhuri tuliswali chini ya mti kule Nyamyumba, na bibi akarudi kwa pikipiki bila aibu yoyote. Chagueni siku isiyo na mvua, na mwezi wa nne na wa tano msikae karibu na mto.

Jambo moja zaidi. Njiani tulikutana na kina mama wamebeba ndizi kichwani kwenda sokoni. Kwao ile si matembezi. Wafundisheni watoto kuwapisha, kuwasalimu, na kutowapiga picha kama vile wao ni sehemu ya mandhari. Tukisahau hilo, tutakuwa wageni katika nchi yetu wenyewe.

Bibi sasa anauliza lini tutakwenda tena. Tumemwambia likizo ijayo, Insha'Allah. Nanyi mchukueni mzee wenu mapema, wakati magoti yake bado yanamruhusu.

Wabillahi tawfiq.